Kubeba baiskeli kwenye treni ya Dar – Kigoma, utaratibu ukoje?

Njia_ya_Vumbi:
Wakuu habari zenu. Nina mpango wa kwenda Kigoma na treni ile ya zamani ya reli ya kati, inayopita Dodoma na Tabora, na nataka niende na baiskeli yangu. Nikifika nipige nayo Ujiji kwanza, halafu kesho yake nianze kupandisha kuelekea Kasulu kwa bibi. Ni maunteni ya gia, siyo mpya ila nimeihudumia sana na sitaki ifike imepinda. Nimeshaamua daraja la pili kulala. Sasa naingia nayo kwenye behewa ninalokaa au inaenda kwenye mizigo? Naifungua au naipeleka nzima nzima? Na je nikianza na SGR, ile treni mpya ya umeme, mpaka Dodoma halafu niunganishe pale, inasaidia au najiongezea kazi? Aliyewahi anisaidie tafadhali.

Mkaa_Dirishani:
Mkuu karibu sana Kigoma. Kuingia nayo chumbani sahau, daraja la pili kulala mnakuwa watu 6, vitanda vitatu huku vitatu kule, ile nafasi ya katikati mtu akisimama mwingine hapiti, na bado kila mmoja ana begi, ndoo na mfuko wa vitu vya nyumbani. Baiskeli ni mzigo, ina malipo yake mbali na tiketi yako, inapanda behewa la mizigo. Unaipeleka ofisi ya vifurushi pale stesheni, wanaipima, wanakuandikia risiti. Wahi sana, usiende saa ambayo watu wa magunia na friji wamejaa, na kama wanapokea siku moja kabla ipeleke siku hiyo hiyo. Risiti itunze kama tiketi maana ndiyo utakayodaiwa ukienda kuichukua.

Sasa kitu ambacho wengi hawakiwazi ni TABORA. Pale ndipo njia zinapogawana, reli ya Mwanza inapanda kaskazini, ya Kigoma inaendelea magharibi, halafu mbele Kaliua inachepuka nyingine ya kwenda Mpanda. Siku ambayo treni imebeba na watu wa Mwanza mabehewa yanakatwa pale na kupangwa upya, treni inasimama muda mrefu, utasikia vyuma vinagongana usiku. Usilale. Shuka na risiti yako, mtafute gadi wa treni, msalimie vizuri, muulize baiskeli yako iko behewa lipi. Na kabla hujaondoka Dar chukua kipande cha boksi andika KIGOMA kwa maka peni, herufi kubwa, na jina lako, funga kwenye fremu. Funga na cha pili, kimoja kikichanika kingine kinabaki.

Spana15:
Naongezea kwenye kuifungua. Pedali toa zote mbili, ndizo zinazochoma mizigo ya wenzako na ndizo zinazofanya makuli waitupe kwa hasira. Ya kulia inafunguka kawaida, ya kushoto uzi wake umekatwa kinyume kwahiyo unazungusha kwenda upande wa mshale wa saa, ukilazimisha upande mwingine unazidi kuikaza na mwisho unaharibu mkono wa pedali. Usukani legeza uugeuze ulale sambamba na fremu. Halafu gia ya nyuma, hapa ndipo pa kuweka akili yote: pandisha cheni kwenye kigiya kikubwa cha nyuma kabla hujafunga chochote, hapo gia inakuwa imeingia ndani upande wa spoku haijachomoza, kisha izungushie boksi na mpira wa tyubu ya zamani ukaze. Ukiilaza upande wa gia uwe juu. Taa, pampu, chupa, hivyo vyote unavyochomoa kwa mkono weka kwenye begi lako maana hata mtoto anavichomoa.

Mimi naipenda treni kuliko basi kwa hili. Kuna basi moja walinilazia baiskeli kwenye buti chini ya magunia ya viazi, ilitoka kile kichuma kinachoshika gia kimekunjika kama kucha, na porojo za fidia ziliishia palepale stendi. Kwenye behewa la mizigo angalau kuna urefu wa kuisimamisha ukutani.

Bi_Uvinza:
Kaka Spana mimi sikubaliani na kutoa pedali na kugeuza kila kitu. Baiskeli inayosukumika inasukumwa, isiyosukumika inabebwa, na ikibebwa inatupwa. Huku kwetu watu wanasafirisha Phoenix nzima na keria yake, inasukumwa hadi mlangoni, inaegeshwa pembeni na kufungwa kamba. Mwanangu toa pedali kama unaogopa ila usukani uache, ugeuzie Kigoma. Kamba nenda nayo mwenyewe, mita tatu zinatosha, na uwepo pale inapopakiwa uone kwa macho yako imefungwa wapi.

Na SGR achana nayo kwa safari hii. Ni nzuri, Dodoma unafika kwa masaa yasiyozidi manne, ila ukaguzi wake ni wa skana kama uwanja wa ndege na stesheni yake ya Dodoma siyo ile ya zamani ya mjini, utajikuta unahangaika na baiskeli barabarani na treni ya Kigoma haikusubiri.

Mtu_wa_Leipzig:
Huku Ujerumani treni za kawaida zina sehemu ya baiskeli humohumo ndani, mikoa mingi unaikatia tiketi yake, na kwenye ICE, zile za mwendokasi, lazima ubuki nafasi mapema. Ile inayokunjwa inapita kama begi. Nchi yetu ina Shinyanga na Tabora ambako baiskeli ndiyo usafiri wa watu wazima, inabeba abiria, inabeba mkaa na maji, halafu kwenye treni mpya tunaifikiria kama mzigo wa usumbufu. Ndoano kumi tu kwenye behewa moja zingetosha. Tuliseme hili kila tunapopewa nafasi ya kutoa maoni.

Njia_ya_Vumbi:
Asanteni sana, Bi Uvinza shikamoo. Nitatoa pedali, usukani nauacha kwanza nione behewa likoje. Swali la mwisho, nilikuwa nafikiria mwezi wa nne, sawa?

Mkaa_Dirishani:
Hapana mkuu, mwezi wa nne ni masika. Kipande cha Kilosa hadi Gulwe mto unapita ubavuni mwa reli, na mvua zikizidi maji yanakula tuta na safari zinasimama. Nenda mwezi wa sita au wa saba, na barabara ya Kasulu utaifaidi kavu. Jiandae tu na mlima, ziwa liko mita 773 hivi kutoka usawa wa bahari na Kasulu ni juu sana ya hapo, kwahiyo kabla hujatoka Kigoma pita kwa fundi akukazie pedali na kucheki breki, maana kurudi kuna mteremko mwingi.