Viti vya jumuiya

JUMUIYA MT. MONIKA 🙏🕯️
Jumatatu

[05:48] Katibu Mama Deo: Tumsifu Yesu Kristo wapendwa. Nakumbusha, sikukuu ya somo wetu Mt. Monika ni Alhamisi tarehe 27. Paroko siku hiyo hana nafasi, misa atatuadhimishia Jumamosi tarehe 29 saa 1 asubuhi. Mchango ni 15,000 kila nyumba. Mpaka sasa zimeleta nyumba 6 kati ya 21. Nyumba ya kufanyia misa HAIJAPATIKANA. Naomba majibu kabla ya saa 4.

[10:15] Katibu Mama Deo: Saa 4 imepita.

[10:16] Katibu Mama Deo: Waliosoma ni 27. Nawaona.

[10:40] Baba Neema: Milele amina 🙏

[10:40] Katibu Mama Deo: Asante kwa kuitika Baba Neema. Na mchango?

[10:52] Baba Neema: Niko kwenye daladala, mtandao unakatakata

[10:53] Teddy VIWAWA: 😂😂 unakatikia kwenye mchango tu

[10:55] Teddy VIWAWA: Halafu tarehe 29 si ndiyo kumbukumbu ya Yohane Mbatizaji kukatwa kichwa? Basi kichwa cha mbuzi nakiwahi mimi

[10:55] Baba Neema: Kichwa ni cha wazee, kijana. Wewe utapewa kwato

[10:56] Frida Mweka Hazina: Kumbe mtandao umerudi 😂

[11:01] Katibu Mama Deo: Jamani. Mbuzi hajanunuliwa, nyumba haipo, mnagawana kichwa.

[13:02] Mwenyekiti: Nipo kazini. Naunga mkono.

[13:03] Katibu Mama Deo: Unaunga mkono nini Mwenyekiti?

[13:40] Mwenyekiti: Yote.

[15:37] Katibu Mama Deo: Basi nisemeje. Kwangu mafundi wameng'oa vigae. Kwa Mwenyekiti ni ghorofani, wazee hawapandi. Kwa Mama Salome uwanja upo ila yule mbwa mnamjua, Padre mwenyewe anamjua. Anayejitolea aseme. Viti visimpe mtu wasiwasi, 40 viko stoo kwangu pamoja na turubai.

[16:20] Mama Sabina: Siku hizi viti hivyo vinatoka?

[16:38] Katibu Mama Deo: Vinatoka dada, kwa shughuli za jumuiya.

[16:38] Mama Sabina: Haya.

[16:45] Mama Salome: Mama Sabina jamani, mwaka wa tatu huu

[16:59] Mama Sabina: Ndiyo, wa tatu. Msiba siku ya pili, watu wamekaa, anaingia kijana na mkokoteni anasema nimetumwa viti. Shemeji yangu katoka Songea usiku kucha kwenye basi, akainuliwa. Chai yake aliimalizia amekalia ndoo. Ndoo ile ninayo mpaka leo, sijaitupa.

[17:06] Katibu Mama Deo: Marehemu hakuwa na kadi. Asiyesali jumuiya, jumuiya haimhudumii, tulisomewa wote kanisani. Sikuutunga mimi. Na rambirambi tulileta.

[17:08] Mama Sabina: Kadi yangu ilikuwa na mihuri yote. Aliyefiwa ni mimi. Yeye hakuhitaji kiti.

[17:15] Katibu Mama Deo: 🚫 Ujumbe huu umefutwa

[17:16] Teddy VIWAWA: Nimeuwahi kabla haujafutwa 🙈

[17:16] Mama Salome: TEDDY

[17:20] Mwenyekiti: Haya tusiyaongelee kwenye grupu.

[18:05] Baba Deusi Kona: Habari za jioni. Kuna anayemjua fundi friji mzuri? Ya kwangu inavuja

[18:09] Frida Mweka Hazina: Njoo inbox

[20:11] Bibi Skola: Mimi Bibi Skola, anaandika mjukuu wangu. Nimesomewa yote, na yaliyofutwa nimesimuliwa. Sasa nanyi nisomeni. Monika tunayemwimbia mume wake alikuwa mpagani tena mwenye hasira, akaja kubatizwa maisha yanaelekea ukingoni. Agustino mwanawe alikaa na mwanamke miaka na miaka bila ndoa. Mama kila siku machozi, mpaka askofu mmoja akamwambia nenda zako, mtoto wa machozi hayo hawezi kupotea. Kwa hizi kadi zetu, nyumba ile mngeipelekea viti vingapi? Na alipokuwa anakufa kule Ostia, mbali na kwao Afrika, wanawe wanahangaika atazikwa wapi, akawaambia mwili zikeni popote, mimi mnikumbuke altareni. Nina miaka 81. Kadi yangu iko chini ya godoro, panya wamekula kuanzia mwezi wa pili hadi wa sita, sijui nikifa mtahesabu vipi. Mama Deo mwanangu, kipaimara nilikusimamia mimi. Kesho chukua viti viwili upeleke kwa Mama Sabina. Kimoja ukalie wewe.

[20:14] Bibi Skola: bibi anasema nisiweke emoji

[21:34] Mwenyekiti: Amina Bibi.

[21:34] Mama Salome: Amina

[21:35] Baba Neema: Amina Bibi yetu

[21:41] Mama Pili: Amina. Ndiyo nafika nyumbani, kuna nini?

[21:50] Frida Mweka Hazina: Sasa misa tunaandika ni kwa nani? Kesho mchana natakiwa kupeleka jina parokiani

[21:52] Mwenyekiti: Tusubiri.

[22:50] Katibu Mama Deo: Mama Sabina, kesho saa 11 jioni utakuwepo?

Jumanne

[06:12] Mama Sabina: Sokoni narudi saa 12. Geti huwa halifungwi. Habari ya misa sijasema kitu.

[06:13] Katibu Mama Deo: Sawa dada. Saa 12.

[06:30] Teddy VIWAWA: Katibu nikubebee viti?

[06:31] Katibu Mama Deo: Nitabeba mwenyewe.

[07:44] Baba Neema: Nimetuma 10,000 kwa mweka hazina, iliyobaki mwisho wa mwezi 🙏

[07:51] Frida Mweka Hazina: Baba Neema imeingia 7,000

[07:52] Baba Neema: Makato hayo

[07:52] Frida Mweka Hazina: Makato ya 3,000?

[08:20] Teddy VIWAWA: Mtandao umekatika tena 😂