Maji ya tangi, klorini na makaa ya kuchujia

Mama Mkomani
Asalaam aleikum. Niko Lamu, twanywa maji ya mvua yanayoshuka paani hadi tangini. Mwarobaini wa jirani umetuinamia, majani yote kwetu. Juzi nimefunua kifuniko: maji rangi ya chai, chini tope laini la majani. Nikatia klorini, harufu ikawa kali mpaka mtoto akakataa kunywa. Naambiwa klorini ikikutana na majani yaliyooza huzaa kemikali mbaya, na makaa huziondoa. Je, nisage makaa ya jikoni? Na klorini niiache?

Fundi Mstaafu
Waaleikumu salaam, dada. Klorini usiiache, tafadhali. Kipindupindu huua mtu kwa saa chache. Hizo kemikali mbaya, ziitwazo trihalomethani, hofu yake ni kuzinywa miaka na miaka.

Uliyoambiwa ni kweli. Mholanzi Johannes Rook aliyachapisha hayo mwaka 1974. Basi anza na majani: kausha tangi, sugua, weka wavu mdomoni mwa mfereji, na mvua ya kwanza iache imwagike. Klorini isipokuta uchafu, haina cha kuzalia.

Makaa ya jikoni hayafai, vitundu vyake havijafunguka. Tafuta makaa amilifu, mazuri ni ya vifuu vya nazi. Hupigwa mvuke kwenye joto la nyuzi 800 na zaidi, hata gramu moja ikawa na eneo la ndani la mita za mraba 1,000 hivi. Kichujio kifunge kwenye bomba la jikoni, klorini ikishafanya kazi nusu saa. Makaa huinyonya klorini pia, kwa hiyo maji yaliyochujwa hayana tena mlinzi: yafunike, yanywe siku hiyo hiyo. Na usingoje harufu irudi ndipo ubadilishe, maana trihalomethani hupenya mapema kuliko klorini. Fuata muda wa mtengenezaji.

Wa Shela
Kisima changu kina chumvi kidogo. Makaa yataitoa?

Fundi Mstaafu
Hapana, ndugu yangu, chumvi hupita tu. Tena maji yaliyoguswa na bahari yana bromidi, yaani chumvi ya bromini, na klorini hapo huzaa trihalomethani zenye bromini. WHO inaruhusu kloroformu, isiyo na bromini, mikrogramu 300 kwa lita, lakini bromodikloromethani, yenye bromini, 60 tu. Kwa kunywa, kinga maji ya mvua.

Mama Mkomani
Shukran sana, baba. Jirani amekubali tawi likatwe Jumamosi. Tangi tutalisugua siku hiyo hiyo.