Tupeane uzoefu: Ni nani walioshika pembe za godoro lako ulipokufa moyo?

Mama wa Mikindani (mwanzilishi wa mada)

Tumsifu Yesu Kristu, na kwa ndugu zangu wa madhehebu mengine, Bwana Yesu asifiwe. Naomba leo tupeane uzoefu juu ya jambo ambalo wengi tunalipitia na wachache hulisema kwa sauti, yaani kufa moyo. Sizungumzii uchovu wa siku moja, bali ule wakati ambapo mtu huamka asubuhi, akaitazama dari, asione sababu ya kuteremsha miguu kitandani, hata kama ni Mkristo anayejua sala zake zote na ambaye mwezi uliopita alikuwa mstari wa mbele kanisani.

Kilichonisukuma kuuliza ni habari ya yule mwenye kupooza wa Kapernaumu katika Marko sura ya 2. Nimeisikia tangu utotoni, lakini nilikuwa mtu mzima nilipotambua kwamba Yesu aliiona imani yao, yaani imani ya wale wanne waliombeba, wakatoboa dari na kumteremsha pamoja na godoro lake. Kuhusu imani ya mgonjwa mwenyewe hatuambiwi neno. Huenda alikuwa nayo, huenda ilikuwa imekwisha kitambo. Basi ulipokuwa huwezi kutembea wala kuomba, ni nani walioshika pembe za godoro lako, na walifanya nini hasa? Tafadhali tueleze matendo, mahubiri tunayasikia kila Jumapili.

Naanza mimi. Mwaka 2016 nilijifungua mtoto wa kike, mimba ikiwa na miezi 8, akiwa ameshafariki tumboni. Nilirudi nyumbani na mfuko wa nguo ambazo hazikuvaliwa, na siku ya tatu maziwa yakaanza kutoka, kwa maana mwili haukujua kwamba hakuna wa kunyonya. Waliokuja kunipa pole walikuwa wengi, na wengi wao, kwa nia njema kabisa, waliniambia kwamba Mungu ana mpango wake na kwamba nitapata mwingine. Sikuwachukia, lakini kila mtu aliposema hivyo nilijiona kama mwanamke ambaye hakuzaa, aliyekuwa akiugua tu na sasa anatakiwa kupona.

Siku ya nne alikuja mama mmoja wa jumuiya yetu ndogondogo, ambaye sikuwa na mazoea naye, akapiga hodi na kwenda moja kwa moja jikoni. Nilisikia sufuria zikigongana, kisha ikanijia harufu ya pilipili manga. Akaniletea bakuli la uji wa mzazi, wenye samli na sukari guru, vilevile anavyopewa mwanamke yeyote wa Pwani aliyejifungua salama. Nikamwambia kwamba uji huo haunihusu, maana sina mtoto. Akakaa ukingoni mwa kitanda, akakipuliza kijiko, akasema, "Umezaa, mwanangu. Wewe ni mzazi, na mzazi hunywa uji."

Alikuja siku 7 mfululizo. Siku moja aliniuliza kama mtoto alikuwa na jina, na nilipomtajia, akalitaja Jumamosi jumuiya ilipokutana, pamoja na majina ya marehemu wengine. Mimi sikuweza kusali kwa muda wa miezi 3. Wao walisali rozari sebuleni kwangu, nami nikiwa chumbani, mlango ukiwa wazi kidogo, nikizisikia Salamu Maria zikipanda na kushuka kama pumzi za mtu aliyelala. Hiyo ndiyo iliyokuwa sala yangu, ijapokuwa haikutoka kinywani mwangu.

Karibuni.

Baba wa Changamwe

Pole sana, dada, na Mungu amlaze mtoto pema. Mimi nilikuwa karani katika yadi ya makontena. Treni ya mizigo ya SGR, ile reli mpya ya kisasa, ilipoanza kazi mwaka 2018, na makontena mengi yakawa yanapandishwa treni palepale bandarini kwenda bara, kazi ilipungua katika yadi nyingi za hapa Mombasa, nasi tukapunguzwa. Nilikaa miezi 14 bila mshahara.

Njaa tuliivumilia, kwa kuwa mke wangu alikuwa akikaanga viazi karai jioni na watoto hawakulala bila kula. Lililonitoa kanisani ni sadaka. Kwetu waumini hutoka mstari kwa mstari kwenda mbele, na kila mmoja hutumbukiza mkono kikapuni. Jumapili 3 nilikwenda mbele nikiwa nimekunja ngumi isiyo na kitu, nikaifungulia ndani ya kikapu kana kwamba nimeacha noti. Jumapili ya nne nilisema naumwa kichwa, na baada ya hapo sikuhitaji tena kutoa sababu. Wachungaji wanaosoma hapa, nawasihi mlifikirie jambo hili, kwa maana naamini si mimi pekee.

Baada ya kama miezi 2, Jumamosi asubuhi, akaja mzee mmoja wa kanisa ambaye ni fundi seremala. Nilikuwa nimejiandaa kuulizwa mbona sionekani ibadani. Hakuniuliza. Alisema mabenchi 6 ya kanisa yamelegea, macho yake hayaoni tena vichwa vya misumari, na anaomba nimsaidie kama nina nafasi. Tulifanya kazi hiyo Jumamosi 4. Jumamosi ya tatu, nikiwa napiga msasa, machozi yalinitoka ghafla nikashindwa kuyazuia. Mzee aliendelea kusukuma randa yake taratibu mpaka nilipomaliza, kisha akaninyoshea kile kitambaa cha kufutia vumbi, akanionyesha mguu wa benchi uliobaki. Nilipokuwa nakusanya vifaa jioni ile niliiona miwani yake ikiwa mfukoni mwa shati, salama kabisa.

Jumapili iliyofuata nilikwenda ibadani nikakaa kwenye benchi nililolikaza mwenyewe. Sikuwa na sadaka siku hiyo pia, lakini sikukunja ngumi. Kazi niliipata mwaka uliofuata.

Msomaji wa Kisauni

Nawashukuru nyote. Naomba niseme jambo ambalo pengine halitampendeza kila mtu, kwa maana si kila anayelishika godoro hulibeba vizuri. Nilipougua sonona miaka michache iliyopita, katika ushirika niliokuwa nasali wakati huo niliambiwa kwamba hali ile ni upungufu wa imani, kisha kwamba ni roho ya ukoo, na hatimaye kwamba nifunge siku 3 na niache dawa za hospitali. Niliacha dawa. Sitaki kueleza yaliyofuata, ila namshukuru Mungu kwamba dada yangu alirudi nyumbani mapema siku ile.

Aliyenisaidia alikuwa muuguzi, mwimbaji wa kwaya katika kanisa lingine. Hakubishana na yale niliyoambiwa. Alinipeleka kliniki, akakaa nami kwenye benchi la kungojea, na mwezi uliofuata akaja tena, na uliofuata, kwa muda wa mwaka mzima. Benchi lile halina kivuli baada ya saa 5, naye alikuwa anakuja na kanga ya ziada ya kujifunika. Tukiwa tunangoja alikuwa ananisomea Zaburi ya 88. Wengi hawaisomi, kwa sababu zaburi nyingi za maombolezo hugeuka kuelekea mwisho na kumsifu Mungu, lakini ile inamalizikia gizani. Nilipoisikia mara ya kwanza nilimwomba airudie, kwa kuwa sikujua kwamba Biblia imempa nafasi mtu wa hali yangu, bila kumlazimisha afurahi kabla ya aya ya mwisho.

Alinionyesha pia Eliya katika Wafalme wa Kwanza sura ya 19, alipokaa chini ya mretemu akaomba afe. Malaika hakumkemea. Alimwamsha ale mkate na kunywa maji, akamwacha alale tena, akaja mara ya pili kumlisha, na maswali yakaja baadaye sana, Eliya alipofika Horebu. Mimi dawa nazimeza mpaka leo, na ninaimba sauti ya pili katika kwaya ileile ya muuguzi wangu.

Binti wa Majengo

Langu ni fupi. Nilipoachika niliacha kwenda kanisani, na katika waumini wenzangu wote hakuna aliyeniulizia. Aliyegundua ni jirani yangu Mwislamu, bibi ambaye kila Jumapili asubuhi huwa barazani na mahamri yake. Wiki ya tatu akaniita, "Mwanangu, kunani? Mbona siku hizi huendi kusali?" Nikakosa la kumjibu. Jumapili iliyofuata alinigongea mlango saa 1 asubuhi akiwa ameninyooshea nguo. Kama kuna pembe ya godoro langu iliyoshikwa na mtu asiye wa dini yangu, basi naiandika hapa ili ihesabiwe.

Mama wa Mikindani

Imehesabiwa, mdogo wangu. Nami namshukuru bibi huyo kwa niaba yetu tuliopaswa kukuulizia. Msomaji wa Kisauni, ahsante kwa kusema lile gumu. Kuna watu wanaosoma hapa na wameficha dawa zao chini ya nguo kabatini. Naomba wayasome maneno yako mara mbili.

Mwanakwaya wa Bamburi

Mnakumbuka mwaka 2020 makanisa yalipofungwa mwezi Machi, hoteli zetu zikafungwa, na mwezi Aprili Mombasa ikazuiwa watu kuingia na kutoka. Mimi ni mpishi wa hoteli, kwa hiyo nilipoteza kazi na ibada katika wiki moja. Julai makanisa yaliporuhusiwa kufunguliwa, ilikuwa ni watu 100 kwa saa 1 tu, na waliozidi miaka 58 walitakiwa kubaki nyumbani. Mama yangu alikuwa na miaka 71. Aliyasikia matangazo hayo redioni, akaizima, akasema kwamba sasa amejua kwamba ameshatolewa katika hesabu. Kuanzia hapo akawa anakula vijiko 2 anasukuma sahani.

Nilimweleza mwenzangu mmoja wa kwaya, sikuomba kitu. Jumapili ile, baada ya ibada, wanne walikuja wakasimama nje ya lango chini ya mwembe, wakiwa wameachana kwa hatua, barakoa usoni, wakaimba tenzi 3 alizozipenda tangu ujana wake. Mama alikuwa dirishani. Ubeti wa pili wa utenzi wa mwisho aliwakatiza, akawaambia kwa sauti kwamba sauti ya nne inaburuta, waanze upya. Nilijua kwamba amerudi.

Mzee wa Kengeleni

Wanangu, nimesoma kwa makini. Mke wangu aliitwa na Bwana baada ya ndoa ya miaka 39, nami sikuwa nimewahi kuwasha jiko. Wanaume 3 wa kanisani kwetu walipanga wakawa wanakuja kula chakula cha jioni kwangu kila Alhamisi, wakija na samaki na unga wao, wakinifundisha kusonga ugali bila kuonyesha kwamba wananifundisha.

Mmoja wao alinipeleka siku moja upande wa Nyali, lilipo kaburi la mke wa Krapf, yule mmisionari Mjerumani. Krapf alifika Mombasa mwaka 1844, na mwaka uleule mkewe Rosine na kitoto chao kichanga wakafariki, yeye mwenyewe akiwa hoi kwa homa. Alikaa miaka 2 kabla ya mmisionari mwenzake, Rebmann, kufika mwaka 1846, ndipo wakapanda Rabai pamoja, wote wawili wakiwa dhaifu. Watu humtaja Krapf kwa kamusi yake ya Kiswahili. Mimi humfikiria katika ile miaka 2, akila peke yake. Tulisimama pale kaburini kama nusu saa, mwenzangu hakusema neno, kisha tukarudi kupika.

Msafiri wa Likoni

Nimejiunga leo ili niandike hapa tu. Nimeyasoma yote nikiwa kwenye feri, nikavuka, nikageuka nikavuka tena kwa sababu sikutaka kufika nyumbani. Sina hadithi iliyokwisha. Mimi ndiye niko kwenye godoro, na sioni mtu pembeni.

Mama wa Mikindani

Mwanangu, ahsante kwa kuandika. Nimekutumia ujumbe wa faragha sasa hivi, na Baba wa Changamwe ameniambia kwamba yuko tayari kuvuka leo jioni hiihii. Tuandikie tu uko upande gani wa feri na kama umekula. Kama huna nguvu za kueleza lolote, usieleze. Wenzangu, naomba wawili wenu mbaki macho kwenye mada hii mpaka atakapojibu. Mimi naweka uji jikoni.