Baba ameambiwa kwa barua pepe kwamba ameshinda bahati nasibu ya Hispania: nimwelezeje?

Binti wa Mwalimu

Shikamooni wakubwa, na wengine habari za leo. Naomba msaada katika jambo linaloninyima usingizi tangu Jumapili. Baba yangu ni mwalimu mstaafu, ana miaka 67 na anaishi Iringa. Wiki tatu zilizopita alipokea barua pepe ikimweleza kwamba anwani yake imechaguliwa na kompyuta miongoni mwa anwani za dunia nzima katika droo ya El Gordo ya Hispania, na kwamba amejishindia yuro 450,000. Barua hiyo ina nembo ya rangi, mhuri mwekundu, namba ndefu ya kumbukumbu, na sahihi ya mtu anayejiita mkurugenzi wa malipo ya nje. Aliagizwa asimwambie mtu yeyote mpaka malipo yakamilike, eti wasije wakajitokeza wadai wawili wa zawadi moja, na ndiyo maana sisi watoto wake tumechelewa kujua.

Hadi sasa amekwisha kuwatumia picha ya kitambulisho chake cha NIDA pande zote mbili, namba ya akaunti anayopokelea pensheni, na shilingi 280,000 za kufungua faili, alizozituma kwa simu kwenye namba ya hapa hapa Tanzania inayodaiwa kuwa ya wakala wao. Sasa wanataka shilingi 2,400,000 za kodi na bima ya kuhamisha fedha. Jumapili nilikuta mezani fomu ya mkopo wa SACCOS, ameijaza kwa mwandiko wake ule ule wa ubaoni, imebaki sahihi ya mdhamini tu. Nilipomwambia kwamba hao ni matapeli, alinyamaza kwa muda, kisha akasema kwamba yeye ndiye aliyenifundisha kusoma. Naomba hoja ambazo mtu kama yeye anaweza kuzihakiki mwenyewe, na ushauri kuhusu taarifa alizokwisha kuzitoa.

Mkaazi wa Valencia

Pole sana dada. Ninaishi Hispania mwaka wa tisa sasa, na kila Desemba hununua bahati nasibu hiyo pamoja na wenzangu wa kazini. Jambo la kwanza, usimwambie Mzee kwamba El Gordo haipo, kwa sababu ipo, naye akiitafuta ataikuta, na kuanzia hapo hatakusikiliza tena. Bahati nasibu ya Krismasi ilianza Cádiz mwaka 1812, na droo yake huchezeshwa tarehe 22 Desemba, watoto wa shule ya San Ildefonso wakiziimba namba zinazotoka. Matapeli hawakulibuni jina. Wameliazima kwa sababu linajulikana.

Mweleze badala yake jinsi inavyoendeshwa. Kinachouzwa dukani ni kipande cha karatasi kiitwacho décimo, yaani sehemu moja ya kumi ya tiketi, kwa yuro 20, na kikipata zawadi ya kwanza kipande hicho hulipwa yuro 400,000. Changu huwa nakikunja na kukiweka ndani ya Msahafu, kwa kuwa hakina jina langu wala anwani yangu, ni namba tu na picha. Anayekishika ndiye mwenyewe. Muuzaji hakuniuliza mimi ni nani, kwa hiyo hata kikishinda, serikali ya Hispania haina njia ya kuniandikia; ni mimi ninayepaswa kukipeleka kabla ya miezi mitatu kwisha. Wapo wanaonunua mtandaoni, lakini hao wamejisajili na kulipa kwa mikono yao wenyewe. Mwulize Mzee kwa upole: kipande chake kina namba gani, na alikinunua duka gani?

Kuhusu kodi, sheria ya hapa hutoza asilimia 20 ya kiasi kinachozidi yuro 40,000, na hukatwa kwenye zawadi yenyewe kabla mshindi hajashika senti. Mshindi wa yuro 400,000 hukatwa 72,000 na kupokea 328,000. Hatoi chochote mfukoni.

Fundi wa Mitambo

Naongezea upande wa barua yenyewe. Ifungueni kwenye kompyuta badala ya simu, kwa kuwa simu nyingi huonyesha jina la mtumaji tu na kuificha anwani yake, na jina mtu hujiandikia analotaka. Tazameni anwani kamili, kisha bonyezeni kitufe cha kujibu bila kutuma chochote, mwone jibu linaelekezwa wapi. Mara nyingi barua inadai kutoka ofisi ya serikali, lakini jibu linakwenda kwenye sanduku la bure ambalo mtu yeyote hulifungua kwa dakika tano. Ikiwa kuna kiungo, msikibonyeze. Tafuteni mkwaju (/) wa kwanza baada ya ile miwili ya https://, kisha someni kutoka hapo kurudi kushoto, kwa maana mwenye tovuti hutambulika kwa sehemu ya mwisho kabla ya mkwaju huo. Anwani inayoanza na jina la bahati nasibu lakini yenye jina jingine kabla ya mkwaju huo ni ya huyo wa mwisho.

Msitegemee makosa ya lugha kama kipimo. Mwaka 2012 mtafiti wa Microsoft, Cormac Herley, alieleza kwamba barua isiyoaminika kwa urahisi humfaa tapeli, kwa sababu huwachuja mapema wasioweza kudanganywa na kumwachia wale wachache watakaofika hadi kulipa. Siku hizi zipo pia barua zilizoandikwa kwa ufasaha mkubwa, na mwalimu akiipima barua kwa sarufi anaweza kuipa alama zote.

Kwa taarifa zilizotoka, nendeni benki pamoja naye mkaeleze yote, ili akaunti iangaliwe na abadilishe namba ya siri. Apige *106# aone laini zilizosajiliwa kwa kitambulisho chake, na akikuta asiyoitambua aende kwa mtoa huduma kuikana. Abadilishe nywila ya barua pepe. Namba iliyopokea zile 280,000 itumeni kwenda 15040, namba ya kuripoti matapeli wa simu, toeni taarifa kwa kampuni ya simu, kisha mfungue jalada polisi na mchukue RB, yaani namba ya taarifa yenu, kwa kuwa Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 inahusu udanganyifu wa aina hii. Msifute barua hata moja, wala msiwajibu.

Niliyewahi Kulipa

Nimesita kuandika, lakini nadhani Mzee anahitaji kujua kwamba hayuko peke yake. Mimi nilikuwa mhasibu kazini nilipotumiwa barua mwaka 2010 kwa jina la Kombe la Dunia la Afrika Kusini. Nililipa mara tatu. Mjomba wangu aliniambia niwaombe wakate ada yao ndani ya zawadi na kunitumia kinachobaki, nami niliwaandikia hivyo. Walijibu kwa heshima kubwa kwamba zawadi imefungwa kwa bima na haiwezi kuguswa mpaka ikabidhiwe. Niliamini, kwa sababu wakati ule nilikuwa nimekwisha kutoa fedha, na kukubali kwamba nimeibiwa kulikuwa kuzito kuliko kulipa tena.

Hapo ndipo alipo baba yako sasa, dada. Ukimwambia amedanganywa, anasikia kwamba amekuwa mjinga mbele ya mwanawe. Mpe hayo maswali ya ndugu wa Valencia ayaulize yeye, na umwachie nafasi ya kufika mwenyewe. Jambo jingine, miezi kadhaa baadaye niliandikiwa na watu waliojiita mawakili, wakiahidi kunirejeshea fedha zangu kwa malipo kidogo ya kuanzia. Walijua kiasi nilichotoa hadi shilingi ya mwisho. Mwambie mapema kwamba hao nao watakuja.

Binti wa Mwalimu

Asanteni sana, Mungu awabariki. Jana jioni sikumwambia Baba neno lolote kuhusu utapeli. Nilimsomea maelezo ya décimo na ile hesabu ya kodi, akaomba karatasi akaipiga mwenyewe: 400,000 kutoa 40,000, asilimia 20 ya kinachobaki. Akaitazama kwa muda mrefu. Kisha akaniuliza, "Sasa hawa kodi yao wanaitoa wapi?" Nikamwambia sijui, Baba. Akaichana fomu ya SACCOS mara mbili na kuniomba nimsindikize benki.

Leo asubuhi tumekwenda benki, na polisi tumepewa RB. Kwenye *106# tumekuta laini mbili, zote ni zake. Kuhusu zile 280,000, kampuni ya simu imesema zilitolewa siku ile ile. Saa sita mchana imeingia barua nyingine inayompa saa 48 kabla zawadi haijahamishiwa kwa mtu mwingine. Ameisoma, ameihifadhi pamoja na zile za mwanzo, na hakujibu.