Mjadala: Kozi za mtandaoni tuweke gemu au tusiweke?

Mwl_Chumbageni: Wakuu habari za jioni. Nafundisha hesabu za biashara mtandaoni, wanafunzi wengi wana vibanda vyao hapa Tanga. Wiki ya kwanza wanajaa, ya nne naongea peke yangu. Nataka kila kipindi niweke gemu za kwizi, zenye pointi na jedwali la washindi. Ofisini wananicheka. Mnasemaje?

BintiMakorora: Weka mwalimu. Mi notisi nasoma weee haziingii, ila nikiulizwa swali nikakosa, jibu lake halinitoki tena.

Mtoto_wa_Dar: Mtu kalipa ada aje asome, gemu za nini. Ila nyie Tanga nawaelewa, mmezoea kushinda barazani na bao na kahawa, bila mchezo hamuamki 😂

PongweBoy: Sisi tuliwekewa Kahoot, ile gemu ya kwizi ya mtandaoni, swali sekunde 20 na anayewahi ndo anapata pointi nyingi. Huku Pongwe mtandao unazunguka tu, zile rangi nne za majibu zikifunguka sekunde zimebaki tatu, mwenzangu yuko Ngamiani na waifai yake keshabeba karibu pointi elfu. Jibu nalijua lakini jina langu liko mkiani watu wote wanaliona, naonekana kilaza, nikaacha kuingia. Bora maswali ambayo mtu anajibu kwa muda wake, hata kwa bando la usiku

Mwl_Chumbageni: Kilaza kakuita nani mdogo wangu? Mimi darasani kwangu sijawahi kumwita mtu kilaza.

PongweBoy: Sijasema wewe mwalimu, soma tena

MzeeWaBaraza: We wa Dar, bao unalijua au unalisikia? Kete 64, kila mtu 32, unapanga 10 mbele yako, 22 zinabaki mkononi za kunamua, yaani kuziingiza moja moja. Kila ukishika shimo unapiga hesabu kete zitaishia wapi, na karatasi huna. Hiyo siyo hesabu?

Mtoto_wa_Dar: Shikamoo mzee. Ni hesabu ya wastaafu hiyo 😂 Na Kahoot yenyewe Wamarekani walitengenezea watoto wa shule, siyo watu wazima na vibanda vyao

BintiMakorora: Kahoot ya Norway kaka, imetoka 2013. Ya Marekani ni Duolingo, ile ya kujifunzia lugha kwenye simu, yenye yule bundi wa kijani.

Raskazone_Upepo: Usinikumbushe bundi! Wana Kiswahili tangu 2017, kuna mzungu alipanga kwetu, kila usiku yuko na simu asije akakatiza siku zake mfululizo, asubuhi muuza machungwa akimtajia bei anakodoa macho. Pointi anazo, Kiswahili hana

BintiMakorora: Wewe Kiingereza chako tumekisikia? Mwache mgeni wa watu ajifunze.

Raskazone_Upepo: Bibie mi nimesema pointi, Kiingereza changu kimeingiaje hapa

Mwl_Chumbageni: Jamani, gemu. Niweke au nisiweke?

MzeeWaBaraza: Weka bao mwalimu. Na huyo wa Dar aje Jumamosi tumpime akili, si anasema ni la wastaafu.

Mtoto_wa_Dar: Nakuja mzee, nauli nani anatoa?

MzeeWaBaraza: Wewe. Na nikikufunga unanunulia kahawa baraza zima.

PongweBoy: Mzee saa ngapi? Hapo hakuna sekunde 20, nakuja na mimi