Mfungwa akinyimwa matibabu, kesi inaanzia wapi?

Nyamhanga_TZ: Wakuu, mfungwa mwenye kisukari akikosa insulini mpaka akapata kidonda mguuni, ndugu zake waende Mahakama Kuu moja kwa moja? Na kesi ya Marekani ya Estelle v. Gamble ina msaada huku Tanzania?

Wakili wa Kivukoni: Mkuu, anza na karatasi. Barua kwa mkuu wa gereza iwe na jina na namba ya mfungwa, dawa na dozi aliyoandikiwa, na tarehe alizokosa. Ambatisha nakala ya kadi ya kliniki. Nakala ya barua igongwe mhuri wa kupokelewa, ibaki kwenu. Bila mhuri, Serikali itasema haikujulishwa, nanyi hamtakuwa na jibu.

Mkidai fidia kwa uzembe, toeni notisi ya siku 90 kwa ofisi husika, nakala kwa Mwanasheria Mkuu wa Serikali. Kwenye shauri naye aunganishwe. Akiachwa, kesi imeharibika. Muda wa kufungua ni miaka 3.

Njia ya haki za msingi (ibara ya 12 hadi 29 za Katiba) ilifanywa ngumu zaidi na marekebisho ya sheria ya 2020. Yalimtaka mwombaji aonyeshe ameathirika yeye mwenyewe, na awe amemaliza nafuu nyingine za kisheria. Pingamizi la awali, yaani hoja ya kutaka shauri litupwe kabla ya kusikilizwa, huja hapo hapo.

Bi Salma: Naongezea: hati ya kiapo aape mfungwa mwenyewe, kamishna wa viapo amfuate gerezani. Dada mtu akiapia aliyosimuliwa, aya hizo zinafutwa. Mahali na tarehe ya kuapa visisahaulike.

Kama ni mahabusu, msisubiri siku 90, kidonda hakisubiri! Amweleze hakimu siku kesi inapotajwa, aombe iandikwe kwenye mwenendo (kumbukumbu za kesi), na aombe amri ya kupelekwa hospitali.

Mzee Mwanasheria: Estelle ya 1976 ilisema kupuuza kwa makusudi ugonjwa mzito wa mfungwa ni adhabu ya kikatili, ila uzembe wa daktari peke yake hautoshi. Gamble, mfungwa aliyeshtaki, alikuwa ameonwa na wahudumu wa tiba mara 17 ndani ya miezi 3, ndiyo maana dai lake dhidi ya daktari lilianguka. Majaji wetu wanaweza kuisoma, haiwafungi. Hapa uzembe wenyewe unatosha kudai fidia, kwa hiyo msijitwishe mzigo wa kuthibitisha makusudi.

Nyamhanga_TZ: Shukrani. Na asiye na pesa ya wakili?

Bi Salma: Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017 inamhusu hata aliye gerezani. Aombe kupitia mkuu wa gereza, kwa maandishi. Malalamiko pia yanapokelewa Tume ya Haki za Binadamu na Utawala Bora, nayo ina mamlaka ya kuingia magerezani kukagua.