Impreza GC8, pedali ya breki inazama mzunguko wa tatu. Nichukue Brembo na koilova? (Tabora)

Mtoto wa Isevya

Wakuu, mwangaluka.

Nina Subaru Impreza WRX ya 1998, ile GC8, injini EJ20 ya turbo, gia za mkono. Si gari la kila siku, la kila siku ni pikipiki. Jamaa wa Mwanza wameniita kwenye mbio za vumbi mwezi ujao: gari moja moja linashindana na saa, mizunguko mitatu, kila mmoja kama kilomita tatu. Kofia ninayo, mikanda ninayo, rolikeji (uzio wa mabomba ndani ya gari) bado.

Sasa tatizo. Mjomba ana shamba njia ya Ulyankulu, tumbaku imeshatoka, akaniruhusu kuzunguka pembezoni. Mzunguko wa kwanza breki tamu kabisa. Wa pili pedali inalegea. Wa tatu inazama mpaka karibu na sakafu, harufu ya kuungua imejaa ndani, nikaishia kwenye matuta ya tumbaku. Mjomba hatunong'onezani mpaka leo. Nikiliacha nusu saa, pedali inarudi kama kawaida. Halafu kwenye makorongo nyuma inarukaruka na kugonga chini kwa kishindo.

Nina milioni tatu na nusu. Kuna mtu Ilala ana kalipa (zile zinazobana pedi kwenye diski) za Brembo za mtumba, pistoni nne, na diski zake za matundu, pamoja na koilova (springi na shokapu kwa pamoja) za kushusha gari. Vyote vinamaliza hela yote. Nichukue?

Vumbi Jekundu

Usichukue.

Brembo hizo zinataka rimu ya inchi 17. Wewe bila shaka upo kwenye 15 au 16. Ukipanda 17 unavaa tairi lenye ukuta mwembamba, na jiwe la kwanza la Ulyankulu linakunja rimu. Magari ya rali kwenye vumbi yanavaa 15 kwa makusudi, wanataka mpira mwingi kati ya rimu na jiwe. Na koilova za kushusha ni za lami. Unashushaje gari linalogonga chini tayari?

Kaka Mkubwa wa Nzega

Mimi ningechukua Brembo. Ukiuza gari bei inapanda 😂

Fundi Gungu (Kigoma)

Mdogo wangu, kabla hujatuma hela Ilala nijibu mambo mawili. Mafuta ya breki yalibadilishwa lini? Na uliwahi kufungua kalipa za nyuma ukazitazama?

Nauliza kwa sababu umeeleza ugonjwa vizuri kuliko wateja wangu wengi. Pedali *inazama*, kisha inarudi likipoa. Pedi zikizidiwa na joto, pedali hubaki ngumu, unakanyaga kwa nguvu zote na gari halisimami. Pedali ikilegea na kuzama, mafuta yamechemka kwenye kalipa, yametoa mvuke, na mvuke unabonyea. Ndio maana likipoa kila kitu kinarudi. Hizo ni shida mbili, na dawa zake ni mbili.

Mafuta ya breki yananyonya unyevu wa hewani hata gari likiwa limelala. DOT 3 (DOT ni daraja la mafuta ya breki) ikiwa mpya inachemka kuanzia nyuzi 205 za Selsiasi, ikishanyonya maji kiwango kinashuka mpaka 140. DOT 4 ni 230 na 155. DOT 5.1 ni 260 na 180. Gari la 1998 ambalo halina kumbukumbu ya kubadilishwa mafuta, mimi nalihesabu lipo kwenye ile namba ya chini.

Angalizo: DOT 5 tupu, isiyo na ".1" mwishoni, ni ya silikoni. Haichanganywi na hizo nyingine na haifai kwenye mbio. Duka linaweza kukupa kwa kudhani namba kubwa ndio bora.

Mtoto wa Isevya

Shikamoo mzee. Mafuta sijawahi kugusa tangu ninunue, mwaka wa pili huu. Rangi yake ni kama kahawa ya kijiweni. Nyuma sijafungua.

Fundi Gungu (Kigoma)

Marahaba. Basi umeshajijibu nusu.

Mwalimu wa Fizikia

Niongeze hesabu kidogo, mnisamehe. Gari la kilo 1,250 likiwa kwenye 100 km/h lina nishati ya karibu kilojouli 480. Ukilisimamisha, sehemu kubwa ya hiyo inageuka joto kwenye diski na pedi. Ni joto la kutosha kuchemsha karibu lita moja na nusu ya maji yaliyotoka mtungini. Kila kona ni birika la chai! Likiwa kwenye 50, nishati ni robo tu ya hiyo, kwa hiyo breki zinazotosha kabisa kwenda sokoni na kurudi hazikuambii lolote kuhusu mbio.

Vumbi Jekundu

Mwalimu kanifurahisha na birika.

Kwenye pedi: tafuta zinazostahimili joto kuliko za kawaida, lakini usikimbilie zile za mashindano matupu. Zile zikiwa baridi hazikamati, na ipo siku utatoka Isevya asubuhi na mtoto atakatiza mbele yako. Ukifunga mpya zizoeshe diski. Tafuta sehemu tupu, toka 80 shuka hadi 20 bila kusimama kabisa, rudia kama mara nane au kumi, kisha endesha taratibu zipoe. Zikiwa za moto usisimame na mguu kwenye pedali, na ukiegesha usivute handibreki. Weka gia, weka jiwe.

Diski za matundu achana nazo. Matundu ndipo nyufa zinapoanzia. Nzima, zenye njia ya hewa katikati, zinatosha.

Kaka Mkubwa wa Nzega

Nyie wazee mnaua ndoto za kijana. Dereva McRae alishinda Safari, ile rali ya Kenya, 1997 na Impreza, Burns akashinda 2000 na Impreza, leo mnamwambia anunue chupa ya mafuta.

Fundi Gungu (Kigoma)

Ndugu yangu, waliyoshinda nayo Safari yalikuwa yameinuliwa juu na shokapu zina safari ndefu, yaani nafasi kubwa ya kupanda na kushuka. Hakuna aliyeyashusha.

Kuhusu nyuma kurukaruka. Springi inabeba, shokapu inatuliza. Gari likiendelea kudunda baada ya korongo, shokapu imechoka au mafuta yake yamepata moto yakafanya povu. Bonyeza kona ya gari kwa uzito wako, achia. Ikipanda na kutulia, bado ina uhai kiasi. Ikicheza mara mbili tatu, imekwenda. Hiki ni kipimo cha kienyeji, kinakamata zilizokufa tu. Zilizochoka nusu zinajionyesha zikipata moto. Pitisha kidole kwenye fimbo yake, ukikuta mafuta usijadiliane nayo.

Kisha nenda kwenye bushi, ile mipira ya kwenye maungio. Gari la umri huu bushi za mikono ya nyuma zimepasuka, na gurudumu linajichagulia njia lenyewe. Tazama boli jointi na tairodi, vile viungo vya gurudumu na usukani, tazama zile mauntini za juu ya shokapu. Fanya hayo, halafu ndio ufikirie shokapu ngumu zaidi. Na asikudanganye fundi kukata springi! Springi iliyokatwa inakuwa ngumu, safari ya shokapu inapungua, na gari likiruka springi inaweza kutoka kwenye kitako chake. Nimeona kwenye Corolla, barabara ya Kasulu. Mwenye gari alinilaumu mimi niliyeikuta tayari imekatwa.

Asali Mbichi (Sikonge)

Naomba niseme lisilo la breki. Umesema rolikeji bado, na hela yote unataka kuimalizia kwenye magurudumu. Fanya hayo ya bei nafuu, inayobaki iende kwenye rolikeji na kiti. Piga simu AAT (chama cha magari Tanzania) uulize kanuni za usalama kabla hujachomelea bomba lolote, maana bomba la uzio wa kuku si rolikeji. Na mazoezi yaishie shambani kwa mjomba, ile barabara ina watoto wa shule na baiskeli za mkaa.

Mtoto wa Isevya

Narudi na ripoti, wiki mbili baadaye.

Tulifungua yote. Kalipa ya nyuma kushoto, pini zinazoteleza zilikuwa zimeganda kwa kutu. Pedi ya ndani imeisha mpaka chuma, ya nje bado nene. Yaani nilikuwa nakimbia na breki tatu na harufu. Tumesafisha pini, pedi mpya pande zote, DOT 5.1, tumetoa upepo mara mbili. Shokapu za nyuma mpya za urefu wa kawaida, bushi za nyuma zote, mauntini za juu. Alaimenti (mnyoosho wa magurudumu) tumepiga kwa uzi na futi kwa sababu nilikuwa sitaki kwenda Mwanza kabla ya siku yenyewe. Bado nina zaidi ya nusu ya hela.

Juzi nilipiga mizunguko mitano. Pedali haikushuka. Mjomba alikuwa amesimama pale kwenye mwembe na jembe mkononi, akilinda matuta.

Limebaki moja. Nikikaba breki kwa nguvu, gari linavuta kushoto kidogo. Uzi au nini?

Vumbi Jekundu

Ukiachia breki linanyooka?

Mtoto wa Isevya

Linanyooka.

Fundi Gungu (Kigoma)

Basi uzi usiuguse kwanza. Linavuta kushoto, maana yake breki ya kulia mbele inakaba kwa nguvu ndogo kuliko mwenzake. Kalipa umesafisha za nyuma, za mbele je? Angalia pini zake, kisha hosipaipu ya mpira inayoingia kwenye kalipa ya kulia. Mpira wa zamani unavimba kwa ndani, mafuta yanapita kwa shida. Mwambie mtu akanyage pedali wewe ushike hosipaipu kwa mkono, kisha ilinganishe na ya kushoto. Ikivimba kuliko mwenzake, badilisha zote mbili, na hapo ndipo nakuruhusu anasa: chukua zile za kusukwa kwa waya wa chuma.

Na zile pini, umepaka grisi gani?

Mtoto wa Isevya

Mzee, grisi ya bearingi… ndiyo iliyokuwepo.

Fundi Gungu (Kigoma)

Zifungue tena leo. Ile inaumua mpira wa pini, na kwenye joto inayeyuka kama samli. Tafuta ya silikoni, ya breki.

Mtoto wa Isevya

Nimefungua. Mipira miwili tayari imeanza kuvimba, na hosipaipu ya kulia mbele kweli ina kitambi. Vyote nimeagiza Dar, basi linaingia kesho alfajiri. Asante mzee wangu.